Saa Tuliyoiita Mmbea

Nyumba ya geti la kijani,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, nguo zikiwa bado kambani.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. U hali gani huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua? Na wifi, bado anakuficha chumvi? Sisi huku wazima. Mpwa wako ameota meno ya mbele na anauma kila kitu, baba yake akiwemo.

Kaka, shukrani zangu kwa ile saa janja hazijawahi kuisha, ila leo nataka kuzitoa vizuri kabla sijakukatalia jambo. Usinune kwanza, soma hadi mwisho.

Unajua mambo yalivyokuwa kabla hujaituma. Kiziwi kushona huku ana kichanga chumba cha pili si mchezo. Kila baada ya mishono michache nilikuwa nainuka kuchungulia kama analia. Suruali ya mwalimu jirani yetu ilitoka mguu mmoja mfupi, naye akaivaa hivyo hivyo kwa kunionea huruma.

Siku hizi simu inakaa kando ya kitanda cha mtoto. Akilia, simu inaipasha saa habari, na saa inanitikisa mkono: mara mbili, inapumzika, mara mbili tena. Ndiyo maana tukaiita Mmbea, haiwezi kukaa na siri. Kasoro yake ni moja. Jirani akianza kuimba huku anaosha vyombo, Mmbea ananiambia mtoto analia. Jirani mwenyewe sijamwambia.

Sasa betri ilichoka. Ukiichaji asubuhi, mchana imekufa. Nilipokueleza ukanijibu niitupe, utanitumia mpya. Nilifurahi, sitakudanganya. Nikamwonyesha shemeji yako ujumbe wako. Akausoma, akaweka simu chini, akaniambia kwa mikono: "Uitupe wapi? Si nitakutana nayo mwenyewe kazini?"

Si unajua kazi yake ni kubomoa vyombo vya umeme vilivyotupwa, kule kwenye yadi ya chuma chakavu. Anasema saa siku hizi zinakuja kwa magunia, nyingine bado zina nailoni kwenye kioo. Zimegandishwa kwa gundi, hazifunguki mpaka zivunjwe, na betri ikitoboka inawaka moto. Nyaya wanazichoma ili wapate shaba. Nyuma ya yadi hata nyasi hazioti. Kikohozi chake mimi sikisikii, nakihisi godoro likitikisika.

Hapo nikakwama, kaka. Saa hii ndiyo sikio langu kwa mwanangu, na saa wenzake ndizo zinazomkohoza baba yake. Kusema saa haina maana ningekuwa mwongo. Kusema leta nyingine tu, nilishindwa. Tukaamua tuitafutie betri. Fundi saa aliipokea shingo upande, akasema kuifungua ni kazi na betri yenyewe mpaka iagizwe, kwa hiyo nimwachie.

Siku zile sikuwa na raha hata kidogo. Nikamtandikia mtoto mkeka karibu na cherehani, nikarudia mambo yangu ya kugeuzageuza shingo. Kisha siku moja nashona kola, nimeinama, nikahisi mkono unatikiswa pale pale anapokaa Mmbea. Mara mbili, kimya, mara mbili tena. Nikasahau kabisa kwamba sikuvaa saa, nikainuka ili nikimbilie kitandani kumtazama mtoto.

Kumbe yuko miguuni pangu, ameshika kiti asianguke, ananigonga mkono kwa vidole. Nikimbembeleza huwa ameung'ang'ania mkono huo, na Mmbea bado anatikisika, nadhani hapo ndipo alipojifunza. Hakuwa analia. Alikuwa na kiu tu.

Nililia mimi kwa niaba yake. Mwanangu aliniita, nami nikaitika. Hiyo ndiyo zawadi uliyotutumia, wala hukujua, na kwa hiyo asante, kaka. Asante sana.

Mmbea alirudi jana na betri mpya, ana mkwaruzo usoni lakini umbea wake ule ule. Basi tafadhali usinunue nyingine. Na hiyo yako ikichoka, itafutie betri kwanza, maana mwisho wa safari yake kuna shemeji wa mtu.

Nisalimie wifi na watoto wote, na shangazi mkiongea naye umwambie gauni lake limekwisha, bado vifungo. Shemeji yako anakusalimu, anasema umsamehe kwa kukunyima raha ya kununua. Mungu awatunze na awape afya, na njia ya kuja huku isiwe ndefu.

Ukija, uvae shati la mikono mifupi. Kuna mtu atataka kukuita.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mdogo wako, fundi wa suruali za mguu mmoja mfupi.