Kanada Wamemsoma Kabula Kabla Yangu

Ngokolo, Jumatano, Juni 1999

Mpaka sasa mwili unanisisimka. Gazeti lenye habari ya Kabula wangu, ile aliyoiandika kule Geita, lilikuwa halijashuka kwenye treni, na Mama Rashida wa dukani ananiambia mdogo wake amempigia simu, ameshaisoma. Yuko Kanada! Kwenye kompyuta!

"Muongo wewe!" nikamwambia. Akanitajia kichwa cha habari na jina la mwanangu.

Jioni gazeti likafika. Kichwa kilekile. Mayoo!

Sasa watu wote wakisoma kwenye kioo, gazeti atanunua nani? Na Kabula wangu atalipwa na...

Nimelikunja, nimeliweka na yale mengine yenye habari zake. Kanada wametangulia kusoma, sawa. Lakini aliyemzaa mwandishi yuko Ngokolo, na kesho soko zima litanisikia.