Tairi ya Mbele na Tairi ya Nyuma

Jumatano, 14 Aprili 1982

Salamu kwanza, maana Mwalimu Waithira wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima, alitufundisha barua tu, na mimi sijui kuanza kitabu hiki namna ingine. Mimi ni mzima. Baba Theuri mzima, yuko kwa mkutano wa chama cha maziwa. Nyanya Ngendo, mama yake, mzima ila miguu, na bado ananiuliza kama nimetia chumvi. Gathoni, binti yetu, mzima, yuko shule ya bweni, mwezi wote hajaandika hata mstari. Theuri, kifunguamimba wangu, mzima. Anazunguka na pikipiki ya chama kupandisha ng'ombe za watu, mtungi wa mbegu za madume umefungwa nyuma yake. Mungu amshike.

Tairi za hiyo pikipiki zimekuwa kipara kabisa. Leo kamati inaamua ni gani zinunuliwe. Wale wa juu karibu na msitu wanataka za meno. Wa kule chini kando ya lami wanataka za njia mbili, za lami na za udongo pia. Theuri anasema yoyote, bora mpya. Yoyote! Huyu mtoto.

Jioni. Baba Theuri amerudi akicheka peke yake. Ati kelele ilikuwa nyingi mpaka mzee Wahome akachukua kofia aende nyumbani. Ndipo yeye, bwana yangu, akasimama akasema kwa nini tugombane, tununue moja ya meno na moja ya njia mbili. Wakampigia makofi! Mmoja akamwambia angefaa kuwa chifu.

Nikamuuliza, wewe unaweza kwenda kanisani mguu mmoja gambuti, mguu mwingine kiatu? Akasema mambo ya pikipiki siyajui. Nimempakulia githeri.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimeenda Nyeri mwenyewe kwa fundi Dawud, ndiye anafunga hizo tairi. Mtu wa heshima. Akaziweka chini zote mbili, akaniambia, mama, bonyeza.

Nikabonyeza. Ya meno iko na vidonge virefu, na katikati nafasi ya kuingiza vidole viwili. Fundi anasema inauma matope na kuyatupa. Lakini kwa lami yenye maji ncha tu ndizo zinagusa, inateleza, tena inaisha upesi. Ya njia mbili meno yake ni mafupi, yamekaribiana. Inakaa vizuri kwa lami, inadumu. Lakini tope letu jekundu linajaza zile nafasi zote na inabaki laini kama chapati.

Nikauliza, sasa gani ni nzuri? Akasema mvua hii, na njia za mwanangu, za meno zote mbili, na kwa lami aende polepole. Ama za njia mbili zote, na akatae zile njia mbaya. Lakini hii ya kamati, mama! Meno nyuma, chapati mbele! Akacheka. Akaona uso wangu, akafuta mikono kwa kitambaa. Akasema nyuma itamsukuma, na mbele itakataa kugeuka.

Nikamwomba asifunge. Akasema karatasi ya kamati iko na mhuri, akikataa wataenda kwa mwingine. Akazifunga mimi nikiangalia.

Jumatatu, 19 Aprili

Ameanguka. Kwa ile kona ya kushuka mtoni. Alikata usukani na gurudumu la mbele likaenda moja kwa moja, kama vile fundi alisema. Goti limepasuka, kifua kinamuuma akivuta pumzi.

Na baba yake, kitu ya kwanza kuuliza — mtungi je, haukumwagika? Mtungi! Nilirusha mwiko ukagonga mlango.

Theuri anacheka akishika kifua. Mami, ng'ombe haingojei kamati, joto yake ya kutaka dume ikipita leo ni wiki tatu tena. Kesho anarudi kazini. Nimemkanda kwa maji moto na chumvi. Ana miaka ishirini na tatu na bado anafunga macho nikigusa goti.

Jumanne, 20 Aprili

Nimeenda kwa mwenyekiti wa chama, Hezekiah, kuomba tairi zibadilishwe. Hakuniambia nikae. Ati jambo limeandikwa, litazungumzwa mkutano wa Juni. Halafu akaniambia, mama, si ni wazo la mzee wako?

Nimetembea mpaka nyumbani nikitukana mawe.

Jumatano, 21 Aprili

Ng'ombe yetu imelia tangu alfajiri. Inataka dume. Na mvua! Mlima wetu huu umekuwa sabuni. Nikamwambia Baba Theuri tungoje wiki tatu, mvua itapungua. Akasema watu watamcheka, mtu wa kamati akikosa ndama wa mbegu na mwanawe ndiye mpandishaji. Akavaa koti, akaenda Mweiga, ofisi ya chama, kuandikisha jina. Ati Theuri aanze na sisi.

Alipopinda kona tu nikafungua ng'ombe. Nikaivuta kwa Gatimu, jirani, aliye na dume lile la kienyeji. Gatimu akashika tumbo kwa kucheka: Mama Theuri! Wewe! Na kijana wako ndiye anatuhubiria tuuze madume? Nikamwambia fungua boma, utacheka baadaye.

Imekwisha. Ndama atakuwa takataka, na Baba Theuri akijua sijui tutalala wapi. Sijali.

Nikaandika karatasi, ya kwanza kwa mkono wangu: THEURI USIPANDE HUKU. NG'OMBE IMEPATA DUME. MAMI. Nikampa dereva wa lori ya maziwa ampelekee ofisini.

Saa nane lori imerudi na mikebe mitupu. Dereva anasema ofisini hakukuta mtu, ameweka karatasi juu ya meza, chini ya kikombe. Na pikipiki? Hakuiona hapo.

Baba Theuri pia hajarudi. Nimesimama mlangoni na hiki kitabu. Huko chini kwa kona nasikia injini — ama ni mvua kwa mabati. Sasa sisikii.

Theuri wangu, kama umeiona karatasi, kama hujaiona, mpe mtu yeyote anayekuja huku neno moja tu, mzima, aje nalo mbio.