Dawa Iliyoshonewa Ngozi

Jumapili, 8 Juni 2025
Sindeni, kwa mama mkwe. Nyama ya Idi bado iko chunguni, shemeji Sabiri ameshaanza mhadhara. Anasoma uzamili Dar, basi hatupumui! Kashika tawi la muhogo. Eti polima yake ina matawi hivi, yenye chaji chanya. RNA, dawa yenyewe, ina chaji hasi, kwa hiyo inakumbatiwa. Ikienda mwilini uchi, vimeng'enya vinaikatakata. Ikikumbatiwa, inafika kwenye seli salama na maagizo yake. Eti miaka michache tu, binti yangu Tatu atapona selimundu.

Eti! Nafundisha kemia, nikamuuliza: ikishafika, polima inaachiaje? Akakohoa. Na seli zako za maabara, bado zinakufa? Akasema hiyo ni changamoto. Matawi yanatoboa seli — changamoto!

Mama mkwe hakuelewa, akaniuliza mimi. Nikamjibu kwa sauti, Sabiri asikie: "Ni hirizi tu, mama. Dawa inashonewa ngozi isiliwe njiani."

Sabiri kanuna. Nimecheka jikoni mpaka machozi.

Jumatatu, 9 Juni
Narudi Korogwe kusahihisha mitihani ya moko. Tatu anabaki, likizo. Kapsuli zake za selimundu nimemkabidhi mama mkwe — moja kila jioni, asikose. Kazipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 14 Juni
"RNA ni vitamini." Jibu la mwanafunzi wa kidato cha nne hilo! Sabiri katuma sauti ndefu WhatsApp kuhusu matawi. Sijaifungua.

Alhamisi, 19 Juni
Hospitali, Korogwe. Mama mkwe na Sabiri wamemleta Tatu asubuhi, maumivu ya miguu na mgongo. Macho ya njano. Nesi kakunja mkono wa gauni aweke dripu — hirizi! Ngozi mpya kabisa. Nikasema ushamba huu hauishi. Nikaipasua kwa wembe.

Kapsuli. Zote. Hajameza hata moja tangu niondoke.

Nikageuka nimtukane mama mkwe. Akaniwahi, taratibu, bila hofu: "Nimezishona mwenyewe, mwanangu. Zisiliwe njiani, kama ulivyosema."

Sabiri yuko mlangoni.

Tatu analia, hata shuka likimgusa anaumia. Bibi yake kamshika kidole. Ameniuliza kama itachukua muda mrefu dawa kufika, maana mtoto anateseka. Kaniuliza mimi, siyo Sabiri. Bado ananitazama —