Mtani Wangu Kahamia Mashua Ndefu

Jumamosi, 4 Septemba 1954

Bwawani tena, na tena peke yangu. Mwenzangu wa mwaka jana kahamishiwa Handeni na mashua zetu, Sahani, haziruhusiwi kushindana zikiwa na mtu mmoja. Upepo mzuri, tanga limekunjwa. Nimekaa ukingoni nikitetemeka. Baridi ya Lushoto haina adabu hata jua likiwaka.

Bwana Kofia, Mzungu mwenye shamba na bwawa, ametuazima walimu, makarani na wenye maduka vile vimashua vitatu vipana vya tanga moja. Ndizo Sahani. Yeye na Wazungu wenzake wana Ndefu, matanga mawili kila moja. Wanatutania kwamba vyetu ni vya kupakulia wali. Sisi tunasema vyao ni vya kubebea maiti. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli tunashindana, na walioshindwa wanachinja mbuzi na kuwanawisha washindi mikono.

Mwaka jana nilimnawisha Bwana Kofia. Alinyoosha mikono bila kunitazama, akiendelea na mazungumzo yake. Nataka mwaka huu aninawishe yeye. Sitaki kingine.

Jumatano, 8 Septemba

Nimewauliza watu sita. Mmoja anaogopa maji, mwingine anaogopa mke. Mhindi wa duka la nguo kacheka mpaka kakohoa.

Jioni kaja Zakayo, seremala wa shamba la Bwana Kofia, mtu wa Gare. Yeye Msambaa, mimi Mzigua, basi ni mtani wangu. Hajawahi kunisalimia kama binadamu. Leo kaingia bila hodi, kanywa chai yangu, kasema Wazigua tumezoea kuogelea na viboko mto Pangani, tunafuata nini kwenye dimbwi la Wasambaa? Kisha kasema atakaa nami chomboni.

Jumapili hawezi, ana misa. Ijumaa mimi nina msikiti. Tutafanya Jumamosi, na jioni nyingine atakapotoka kazini.

Jumamosi, 11 Septemba

Zakayo ana mwili mzito na akili nyepesi. Upepo ukija anajitupa upande wake kabla sijasema. Kanitukana toka tulipotoka mpaka tuliporudi. Tumeipita Ndefu moja! Nimecheka leo. Nilikuwa nimesahau.

Alhamisi, 16 Septemba

Zakayo kachukua koti langu la mvua, kalivaa mchana kutwa sokoni. Nimeligomboa kwa ratili mbili za sukari. Ndiyo sheria ya utani: mtani akichukua chako, unagomboa, hukasiriki.

Jioni tumefanya mazoezi. Tutashinda. Naandika hapa tu, sisemi kwa mtu.

Jumanne, 21 Septemba

Zakayo kahamia Ndefu.

Mzungu anayekaa na Bwana Kofia kwenye Ndefu kaenda likizo kwao Ulaya, basi Bwana kamwita seremala wake. Zakayo kaja kuniambia huku anacheka. "Mzigua, nimekuachia Sahani yako, kapakulie wali!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana mtani akikutania huwezi kununa.

Nimenuna. Ningemwelewa kama angesema ni amri ya tajiri wake. Angeniambia pembeni, kwa sauti ya chini. Hakusema. Mambo yote niliyomfundisha kayabeba kampelekea Bwana Kofia. Namchukia.

Ijumaa, 24 Septemba

Mwalimu Elia kakubali. Anashika kamba kama anashika nyoka. Basi, hata huyo.

Jumamosi, 25 Septemba

Niandike ilivyokuwa.

Asubuhi ya mashindano watu wamejaa ukingoni. Nafika kwenye Sahani, usukani haupo. Nikamwona Zakayo karibu na Ndefu, kauficha nyuma ya mgongo, meno yote nje. "Ugomboe kwa jogoo, Mzigua!"

Nilijua ni utani. Kila Msambaa na kila Mzigua pale alijua. Bwana Kofia akaja kuuliza kwa nini tunachelewa.

Nikasema, "Zakayo ni mwizi. Kaiba usukani wangu."

Bwana Kofia hajui utani. Neno mwizi analijua sana. Akaninyooshea kidole akauliza, kweli? Zakayo bado anacheka, ananingoja nami nicheke. Sikucheka. Nikasema kweli.

Akamfukuza pale pale. Kapoteza kazi, na chumba anacholala nyuma ya karakana. Zakayo akaweka usukani chini majanini, taratibu, akaondoka. Hata mara moja hakugeuka.

Tukashindana. Bwana Kofia alimpandisha mpishi wake, aproni na yote. Mpishi alilala chini mle ndani ya mashua akiomba Mungu. Mimi na Elia tukawa wa kwanza.

Kisha mbuzi. Bwana Kofia akaleta birika na beseni, akaninawisha. Maji ya vuguvugu. Safari hii alinitazama, akasema ahsante mwalimu kwa kunionyesha mwizi wangu. Akanipa na sabuni.

Sikuweza kula.

Jumapili, 26 Septemba

Nimekwenda kwa Bwana Kofia. Nikamweleza utani ni nini, nikaeleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kiingereza. Kasema mwizi ni mwizi, na wewe mwenyewe ulisema.

Nimerudi kwa miguu. Nina aibu. Na hasira na Zakayo bado ninayo, hiyo nayo ni kweli. Angeniambia pembeni tu.

Alhamisi, 30 Septemba

Elia anauliza kama tutatoka Jumamosi. Nimesema nina mafua.

Jumatatu, 4 Oktoba

Baada ya skuli nimeshuka sokoni. Zakayo alikuwa anangoja lori la Korogwe. Randa na misumeno ndani ya gunia. Wanasema kapata kazi kwenye mashamba ya mkonge.

Nilikuwa nimebeba jogoo. Nimembeba tangu juzi, kila nikishuka. Nikasimama mbele yake nikingoja anitukane, aseme hata jogoo wa Mzigua kakonda.

Akavua kofia. Sisi ni marika, yeye kanizidi miezi. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Watu walikuwa wanatazama. Nikaitikia marahaba.

Lori likaja, akapanda. Nikanunua viazi, nikarudi nyumbani na jogoo wangu.