Turubai la Bwawa la Joyness

Wajukuu zangu, kitendawili! Nina shuka, juu limelowa siku zote, chini kavu siku zote. Msijikune vichwa, ni turubai la bwawa la Joyness.

Nimekwenda Kagoma kumwona dada yangu, anaumwa. Ndizi nimemenya, ziko kwenye maji. Audax, funga mbuzi mbali na bwawa, kwato zitatoboa turubai. Na wewe usiingie na viatu vyako vya mpira!

Lile bwawa lake la kwanza, la udongo mtupu, lilikunywa maji yote, vifaranga wa samaki wakafia kwenye tope. Leo asubuhi nimeinama kutazama: mvua hakuna, maji yako palepale, vifaranga wanacheza. Kumbe Joyness alitandika nyasi kwanza, kama tulivyotandika sakafuni mwa nyumba za zamani, ili mawe yasichome turubai. Ana akili mpaka vidoleni!

Ndipo akaniuliza, “Bibi, utanipa kibanja cha chini, lile shamba la migomba, nichimbe bwawa la pili?” Audax akadakia, “Msichana apewe kibanja?” Nikawatuma mkachume kahawa.

Joyness, ~~ngoja nimuulize baba yenu~~ hapana. Kibanja kile nilikinunua mwenyewe. Nimekupa, chimba.

Bibi yenu