Ulikokwenda Mswada wa Baba

Mtaa wa Lipová 14,
Třebíč.
11 Machi 1990

Mpendwa mdogo wangu Vojtěch,

Hujambo huko Toronto? Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na kwamba mkeo Noreen na watoto ni wazima. Mimi sijambo, ila magoti yananikatalia ngazi, na plamu zote nilizosindika mwaka jana zimechacha.

Barua yako nimeipata. Siku hizi zinafika bila kufunguliwa na wapelelezi, hata sijazoea. Nimefurahi kwamba chuo chenu kimemkumbuka baba. Hapa ukimtaja Hynek Rozsypal, waziri wa ugavi, watu wanadhani unaulizia fundi bomba. Waliokula mkate wa bei nafuu katika miaka ile ya shida wamezeeka bila kujua ni nani aliyeizuia bei isipande.

Unataka nikutumie mswada wake wauchape pamoja na utangulizi wako. Halafu unauliza kama ni mama aliyeutupa, kwa vile "hakuwa mtu wa vitabu." Hapo umenichokoza.

Mama ndiye aliyeupiga chapa, kurasa mia sita na kumi na mbili, kwa vidole vyenye baridi yabisi. Ndiye aliyeushonea mfuko wa turubai na kuufukia chini ya banda la sungura, wiki ile baba alipofukuzwa wizarani. Tuliojua tulikuwa wanne, wewe ukiwamo.

Mwaka 1949 ulivuka mpaka. Ukafika Vienna, ukanywa kahawa, ukatuandikia kadi ya posta. Kadi, Vojtěch! Hata mtoto wa chekechea hapa alijua kwamba barua zinasomwa. Ukaandika: "Banda la sungura lisivuje, kazi ya baba isilowe." Najua ulijiona mjanja.

Kadi hiyo haikuletwa na tarishi. Ililetwa na wanaume watatu wa usalama, Alhamisi moja, mama akiwa anakanda unga wa knedlíky. Mmoja wao akaisoma kwa sauti jikoni.

"Mheshimiwa waziri, mwanao ana huruma na sungura kweli! Haya, twende tukawaone, wasije wakalowa bure."

Wakamlazimisha baba afukue mwenyewe. Sungura nao wakawachukua. Baba akafungwa miaka sita migodini, akarudi anakohoa damu, akachochea boila ya hospitali mpaka alipokufa. Mama alikwenda kuuomba mswada, na mmoja wao akamjibu huku akicheka.

"Kitabu cha mzee kilikuwa kizuri, mama. Kimetuwashia jiko wiki nzima."

Baba alituapisha tusikwambie. Alisema, "Mwacheni. Mtoto akijua, hatakula." Mama alikufa na siri hiyo, na mimi nilikusudia kufa nayo, mpaka ulipomwita mjinga. Baba alikusamehe siku ileile, jembe likiwa bado mkononi. Mimi nimejaribu miaka arobaini na moja na nimeshindwa.

Nisalimie Noreen, Patricia na Karel mdogo. Shangazi Božena yu hai, anakuulizia kila Jumapili na kukusifu kwa kulitunza jina la kaka yake. Bado sijamwambia.

Mungu akujalie maisha marefu na akili timamu, usisahau hata neno moja la barua hii.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata sasa, na hilo ndilo linaloniudhi,

Drahomíra