Kati ya Chuma na Noah

Jumapili, 8 Juni

Nimeamka, nimewasha Chuma dakika kumi kama kila siku. Injini izoee. Moshi ukaenda kwa jirani, akakohoa. Akohoe. Chuma ni pikapu yangu ya milango minne, ya kijani, hakuna mtu Shelui asiyeujua mlio wake.

Baada ya kanisa nikanywa chai stendi, pale yanapolala malori. Nikawatangazia madereva: Jumamosi naondoka. Singida, Dodoma, Iringa, Mbeya, mpaka Tukuyu. Kurudi napitia Chunya, Rungwa, Mitundu, Itigi. Wiki tatu. Likizo. Wakatoa macho. Nikawaongezea kidogo, kwamba niliwahi kupita Rungwa na simba wawili wamelala juu ya paa, nikawafikisha Itigi wakashuka wenyewe. Dereva mmoja wa Kahama akauliza kama walikata tiketi. Mjinga.

Safari yenyewe ni ya dada Naomi. Ana miaka sitini na nane, hajavuka Dodoma. Mwanawe Eliya yuko Tukuyu na watoto watatu ambao bibi yao hajawatia machoni. Aliyepanga ni Rehema, binti wa dada, mwalimu huko Shinyanga, yeye na mumewe. Lakini neno ni langu. Kwetu Wanyiramba mjomba ndiye mwenye watoto wa dada. Mjomba asipobariki, safari haitoki uani.

Jumatatu, 9 Juni

Rehema na mumewe wamefika. Na Noah. Nyeupe, viti saba, inatoa ubaridi ndani. Sikuambiwa.

Rehema akaniamkia, akasema polepole: "Mjomba, tumeona twende na hii. Mama ana ile nyonga."

Nimepigwa kofi mbele ya watu. Stendi nzima inajua ninaendesha mimi.

Ukweli nauandika hapa maana hakuna asomaye. Chuma haijapita Singida mwaka wa kumi na mbili huu. Na ile safari ya Kongo ninayojisifia stendi, nilikuwa utingo. Sawa, haikufika Kongo. Ilifika Kahama. Lakini utingo akikaa nyuma ndiye anayeiona barabara yote, dereva anaona kipande cha mbele tu. Macho yangu yameanza ukungu. Nisipoendesha hii, sitaendesha nyingine. Basi.

Mume wa Rehema ni Masanja. Msukuma, mrefu, mwalimu wa hesabu, hana maneno. Alivua kofia, akainama, akanisalimia akiangalia vidole vya miguu yake. Ndivyo inavyotakiwa. Mkwe hamtazami mkwe, wala hamtanii.

Hapo nikawaza. Msukuma ni mtani wa Mnyiramba tangu enzi za mababu. Mtani unamtukana, unamchukulia kuku wake anaona, na hakuna kesi. Huyu Masanja ni mkwe wangu na ni mtani wangu. Kipi kilitangulia? Utani. Nikamjibu mbele ya wote kwa salamu ya kwao: "Mwangaluka, mtani! Hilo ni gari au friji umelivalisha matairi?"

Watu wakacheka. Yeye akaendelea kuangalia chini. Hana ruhusa ya kunijibu.

Ni raha sana kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Jumanne, 10 Juni

Nimemtania asubuhi, mchana na jioni. Kofia yake. Miguu yake. Baba yake aliyechunga ng'ombe wa watu. Anasema "ndiyo, baba."

Mama Neema, mke wangu, kanisikia. Kasema: "Ukitaka kupiga unakuwa mtani. Ukiogopa kupigwa unakuwa mkwe." Nimemwambia akapepete alizeti zake.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamua yafanyike majaribio. Magari yote mawili yapande Sekenke, litakaloshindwa libaki. Nani asiyejua kwamba Sekenke ni yangu? Nimeupanda mlima ule kinyumenyume na magunia mia ya chumvi, usiku, taa zimekufa, nikiongozwa na harufu ya breki za wenzangu.

Nikampakia dada kwangu. Rehema na Masanja nyuma na Noah. Asubuhi rejeta ilikuwa inavuja, nikaziba kwa sabuni ya kipande. Inashika. Huwa inashika.

Kona ya pili Chuma ikachemsha. Mvuke, maji, boneti haishikiki. Breki ya mkono haipo tangu zamani, kwa hiyo mguu wangu ndio ulioshikilia gari. Nikamwambia dada ashuke aweke mawe nyuma ya tairi. Akashuka. Ule mguu mbaya aliuburuta. Nikamwambia fanya haraka, dada, gari halingoji mtu. Akabeba jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Kisha nikamwambia atembee kwenda juu ili gari liwe jepesi.

Akatembea. Malori yanampigia honi. Kitenge kinapeperuka. Hakugeuka.

Noah ilinipita. Ikasimama mbele ya dada. Masanja hawezi kumgusa mama mkwe, ni mwiko, kwa hiyo Rehema ndiye aliyemshika. Yeye Masanja alikwenda kusimama katikati ya barabara, upande wa malori, mikono ameinyoosha, mpaka dada akaingia. Lori la mafuta lilimkwepa kwa upana wa mkono. Mwanamume mzima kujifanya alama ya barabarani. Nikacheka peke yangu pale ndani ya mvuke.

Injini ilipopoa, nilifika juu. Wao walikuwa wamekwisha kula mahindi. Niliwaambia: magari yote yamefika, hakuna lililoshindwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetoa uamuzi. Chuma.

Sababu nimewapa. Rungwa mpaka Mitundu si mchezo, ile njia inataka gari lililolala porini, si friji. Rehema akapiga magoti. Akasema mama amelia kwa nyonga tangu alfajiri, amepakwa dawa mara mbili. Akasema basi wewe uendeshe Noah, Mjomba, sisi tukae nyuma. Kweli alisema hivyo. Ningeweza kukubali. Lakini stendi nimetaja Chuma. Nikiingia na gari la Msukuma watasema nimeazimwa.

Nikasema: Chuma, au hakuna baraka na hakuna safari.

Dada alikuwa anachambua mboga. Hakunyanyua kichwa. Nikachukulia amekubali.

Rejeta nimeiongeza sabuni.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimesema kitu.

Masanja alikuwa anaosha Noah yake japo haiendi popote. Majirani wamejaa, wamekuja kuaga. Alikuwa anaiosha taratibu, kwa adabu, kama anaosha mtoto. Ikanichoma. Nikapaza sauti: "Mtani! Viti saba, nanyi mko wawili mwaka wa sita sasa. Hivyo vingine unamwekea nani? Au na wewe injini haiwaki?"

Walicheka. Halafu kicheko kikakatika, kama mtu kafunga bomba.

Rehema alikuwa amebeba beseni la vyombo. Aliliweka chini polepole, hata kimoja hakikulia, akaingia ndani. Masanja aliendelea kufuta kioo. Kioo kilekile. Kimeshatakata, anakifuta.

Nilijua neno ni baya kabla halijatoka mdomoni. Nililitoa. Lilikuwa tamu likitoka.

Jioni Mama Neema hakunipakulia. Nimekula viazi baridi nimesimama. Safari ni kesho na mimi ndiye dereva, wengine wanune tu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nyumbani.

Saa kumi na mbili asubuhi mizigo ilikuwa uani. Nimevaa shati jeupe, miwani ya jua, viatu vya safari. Madereva wanne wa stendi wamekuja kuniona nikitoka. Niliwaita mwenyewe.

Masanja akatoka ndani. Kofia kichwani. Hakuivua. Akaja mpaka mbele yangu, akanitazama machoni. Mara ya kwanza tangu amuoe Rehema. Macho yake ni mekundu kidogo, makubwa. Sikuwahi kuyajua.

Akasema kwa sauti, uani kote kunasikika: "Mwangaluka, mtani!"

Nikarekebisha miwani.

"Wewe mwenyewe umesema utani ulitangulia. Umenila wiki nzima nikijua mimi ni mkwe. Leo nimeukubali utani. Mzee mtani, una sura kama rejeta yako. Ukipashwa moto kidogo unalia, ukizibwa sabuni unajiona mzima."

Watu walianguka. Dereva wa Kahama alikaa chini kabisa, kashika tumbo. Mama Neema pia. Mke wangu. Alicheka mpaka akajifunika khanga.

Nikamwambia mkwe hasemi hivyo. Mzee mmoja jirani, Mnyiramba mwenzangu, ndiye aliyenikata: "Ulishafungua mlango wewe. Usimlaumu aliyeingia."

Masanja hakuwa amemaliza. Alitoa spana mfukoni. Akaingia ndani ya Chuma, akakaa kwenye kiti changu, akafungua nati ile ya kati. Akashuka na usukani. Usukani wangu, mweusi, wenye ule mpira niliouzungushia mwenyewe.

"Mtani akichukua, hulalamiki," akasema. "Tukirudi utakuja kuukomboa kwa jogoo, kama desturi."

Nikatazama watu. Niliona nyuso zao. Hakuna hata mmoja wa kunitetea. Mtani akichukua hulalamiki, ndivyo ilivyo. Mimi mwenyewe nimekula kuku wangapi wa Wasukuma kwa sheria hiyohiyo.

Nikabaki na moja. Nikasema basi sibariki. Bila mjomba hamtoki.

Ndipo dada Naomi akasimama. Alikuwa amekaa juu ya begi. Akaja kwa mguu ule mmoja mzuri na ule mwingine, taratibu, watu wakimpisha. Akasema:

"Nilikubeba mgongoni miaka mitatu kwa sababu mama alikuwa shamba. Ulikuwa mzito, ulikuwa unang'ata. Sikukushusha hata siku moja. Juzi wewe umenishusha mlimani nikubebee mawe."

Akachukua kikombe cha maji, akapiga funda, akapuliza mwenyewe kwenye tairi la Noah, kama mjomba anavyobariki. "Mimi ndiye mkubwa. Tumebarikiwa. Twende."

Masanja alinifungulia mlango wa nyuma. Akasema nafasi ipo, mtani, kile kiti cha mwisho kabisa, karibu na ndoo. Hakuwa anacheka. Nadhani alimaanisha. Nikiingia pale stendi nzima inaniona nikipita kama gunia la vitunguu.

Sikuingia.

Waliondoka. Dada alikaa mbele. Usukani wangu ulikuwa mapajani mwake.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikwenda. Nilipita stendi kwa njia ya nyuma, wakaniona vilevile.

"Dereva! Umefika Mbeya mapema!"

"Mzee, gari lako sasa linaongozwa kwa maombi?"

Nikawaambia usukani nimeutuma Iringa ukafanyiwe matengenezo maalumu. Kuna fundi Mgiriki. Wakaniuliza fundi gani. Nikasema hamumjui. Wakacheka mpaka mama wa chai akaja kufuta meza iliyomwagikiwa.

Nawachukia wote.

Jumanne, 17 Juni

Picha imeingia kwenye simu ya Mama Neema. Usukani wangu umewekwa juu ya ukuta wa bwawa la Mtera. Maji nyuma yake. Hakuna mtu, usukani tu. Chini Masanja ameandika: Mtani wako anakusalimu, ameona viboko.

Mama Neema aliipeleka kwa majirani. Kufikia mchana iko kwenye simu zote za stendi.

Sijawahi kufika Mtera.

Alhamisi, 19 Juni

Usukani uko Iringa. Umevalishwa kofia ya sufu, maana kuna baridi.

Nimeshinda ndani. Nimemkaripia Mama Neema kwa sababu ya chumvi. Nimepiga teke tairi la Chuma, kidole kimevimba.

Ningeendesha ile Noah. Rehema alikuwa amepiga magoti ananipa ufunguo. Ningekuwa nimeshika gari la watu Iringa saa hizi, na kofia ya sufu ingekuwa kichwani kwangu.

Ijumaa, 20 Juni

Nilijaribu kumpigia Rehema. Simu iliita, ikaita. Nilitaka kumwambia juu ya lile neno la viti. Sijui ningeanzaje. Haikupokelewa. Labda hakusikia.

Alisikia.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepepeta alizeti na Mama Neema tangu asubuhi. Upepo ulikuwa mzuri. Yeye anamwaga, mimi natandaza turubai.

Saa kumi nikaenda kunywa chai stendi. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga la kuwajibu. Dereva wa Kahama alikuwepo, na wale wengine. Walikuwa wanabishana mambo ya mpira. Nikakaa. Mmoja akanisogezea sukari. Hakuna aliyeniuliza habari ya safari. Nilikunywa vikombe viwili, nikangoja. Hakuna aliyeuliza.

Nimerudi nimekuta picha. Wamefika Tukuyu. Dada amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya Eliya, migomba nyuma. Wajukuu watatu wamejipanga nyuma yake kwenye viti kama abiria. Yeye ndiye dereva. Ameushika usukani na mdomo ameuchongoa, nadhani anapiga honi. Rehema yuko pembeni, anacheka, meno yote.

Niliitazama sana. Ilibidi niiweke karibu na uso.

Dada ameushika vibaya. Mikono yote miwili iko juu kabisa, pamoja. Ukishika hivyo huwezi kukata kona. Nimemwambia Mama Neema amwandikie ashushe mikono, mmoja kushoto, mmoja kulia.

Alichukua simu, akanitazama, akaiweka chini ya mto.

Hajaandika.